Mwaka Hermelinda Alipouza Miche ya Figili

Vumbi ndilo lililofika sokoni kwanza.

Lilifika kabla ya wauza viazi, kabla ya wauza simbilisi, kabla padri hajafungua mlango wa kanisa. Vumbi jembamba, la kijivu, laini kuliko unga wa shayiri, limeketi juu ya kila jani kama mgeni asiyebisha hodi. Ukilipuliza, linahama. Ukilifuta, linarudi. Ukilionja, lina ladha ya msumari.

Vumbi, mjukuu wangu. Vumbi la Mama wa Juu.

Wewe siku hiyo ulikuwa bado tumboni, umejikunja kama jani la ndani la kabichi, hujui mvua wala jua. Nami nilikuwa nimeshuka kutoka Loma Alta, beseni langu limefungwa mgongoni kwa shali, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi. Nilishuka kukununulia mti.

Ndiyo, mti. Kwetu, mimba ikishaonekana na mvua za kwanza zikishaanguka, bibi wa mtoto huenda sokoni akanunua mche wa nyanya-mti, ule unaoning'iniza nyanya ndefu nyekundu juu ya kichwa cha mtu, tunazozisaga juisi. Mche huo hauna haraka. Unasimama, unafikiri, unaongeza jani, unafikiri tena. Ukiupanda mtoto akiwa tumboni, unazaa mtoto akiwa na meno. Tunda la kwanza ni lake. Hakuna mwingine wa kulionja, hata askofu akipita na kiu yake. Mimi nilikula langu. Baba yako alikula la kwake, akajichafua mpaka kwenye masikio. Hivyo ndivyo tunavyomwambia aliye tumboni: njoo, tunakungoja, na tutakuwepo.

Tutakuwepo. Neno dogo hilo. Tazama lilivyonitesa.

Mama wa Juu ni mlima wetu. Tunamwita mama kwa sababu udongo wake unatulisha, na wa juu kwa sababu yuko juu ya kila paa, juu ya kila kitanda, juu ya kila mazungumzo. Kitendawili: mwanamke ana moshi kichwani, na wala hapiki. Watoto wa Loma Alta wanalijua jibu kabla hawajajua kutembea. Wanalinyooshea kidole dirishani.

Na mwaka ule alikuwa anavuta pumzi. Hakulia, hakutema, hakutikisa kikombe. Alivuta pumzi tu, kama mtu anayetaka kusema neno na bado anatafuta la kuanzia.

Miche tulikuwa tukinunua kwa Hermelinda, chini ya ukuta wa kanisa, upande wa asubuhi. Mwanamke mfupi, kofia ya kijani, kucha nyeusi kwa udongo hata siku ya komunyo. Alikuwa komadre wangu, maana ndiye aliyemshika baba yako juu ya maji ya ubatizo, akamshika vizuri, hakumwangusha, na kwa hilo tulikuwa ndugu kuliko ndugu. Malori yalileta miche mingine kutoka Ambato, mirefu, minene, imekulia ndani ya nailoni kama watoto wa matajiri. Ukiipanda kwetu, usiku wa kwanza wa baridi inalala chini na haiamki. Mche wa Hermelinda umezaliwa na baridi yetu. Umekunywa maji ya mfereji wetu, umenyewa na kuku wetu. Ni mdogo, ni mkavu, una sura ya kukasirika. Ukiutia ardhini unashika kama mtoto anavyoshika ziwa.

Kila mwaka nilimtegea kitendawili kile kile. Nyumba ina vyumba tele, kila chumba mtoto mmoja, na hakuna anayelia. Kila mwaka alijifanya halijui. Akakuna kichwa, nikaomba mji, akanipa Ambato, akanipa Quito, mpaka nikamwambia: trei lako la miche, mjinga wewe! Akacheka, akaniongezea mche wa bure. Nyongeza ya Hermelinda haikuwa ya kutupa. Ilikuwa daima kitu cha polepole, rozmari, au pilipili ya mti, na daima aliniambia: "Urudi uniambie kama umeshika."

Mwaka ule nilimkuta anafuta vumbi kwenye majani kwa upindo wa aproni, jani moja moja, kama mtu anayefuta nyuso.

"Umeamkaje, komadre?"

"Nimeamka. Kuamka kwenyewe ndiyo habari."

"Leo nina haja kubwa. Mkwe wangu Targelia tumbo lake linamtangulia mlangoni. Nipe mche wa nyanya-mti, wenye shina nene, usinipe yatima."

Aliendelea kufuta. "Hakuna."

"Umewauzia wengine kabla yangu? Mimi?"

"Sikuotesha."

Nilidhani ananitania. Nikainama juu ya matrei yake, trei kwa trei, kama ninavyoinama kila mwaka, pua karibu na udongo. Saladi. Dhania. Mchicha. Saladi tena. Nikatafuta rozmari. Hakuna. Nikatafuta pilipili, kabichi, kitunguu kikubwa, nanaa ya kuweka ukingoni mwa mfereji. Hakuna, hakuna, hakuna. Kila kilichokuwa pale kilikuwa cha haraka. Kila kilichokuwa pale kilikuwa cha kuliwa kabla mwezi haujafa mara mbili. Na kwenye trei la mwisho, majani mapana yenye manyoya, shingo nyekundu nyembamba.

Figili.

Mjukuu wangu, nani huuza mche wa figili? Figili humwagwa mbegu, ukageuka kupiga chafya, imeota. Enma, muuza jibini wa jirani, alikuwa ameshalipata hilo na soko zima alikuwa ameshalilisha.

"Komadre wako amezeeka, mama Balbina!" akaniita kwa sauti ya kufika kanisani. "Anauza miche ya figili! Jumatatu ijayo atatuletea mayai yaliyokwisha kutafunwa!"

Watu wakacheka. Hata mimi mdomo ulinisaliti.

"Cheka, Enma, meno bado unayo," Hermelinda akasema. "Hii imeshakaa kwangu. Itie ardhini na donge lake, usilivunje, na umeokoa siku zote ilizokaa."

"Na nani ana haraka na figili, mama wee?"

 Hermelinda aliinua macho, kidogo tu, mpaka mahali ambapo paa la kanisa linaisha na moshi unaanza. Kisha akayashusha haraka, kama mtu aliyemchungulia mtu anavaa.

Wakati ule mgongo wangu ulipata baridi, na jua lilikuwa limenikalia mabegani.

"Kitendawili," akasema, sauti ya chini. Yeye! Yeye ambaye daima ndiye aliyetegewa.

"Tega."

"Mtu anakipanda, na mwenyewe hatakivuna."

Nikataka kumchekesha. "Kaburi," nikasema.

Hakucheka. Alichomoa jani moja bovu la saladi, akalikunja, akalikunja tena. "Mimi nilikuwa na nyanya-mti kichwani," akasema. "Lakini hata lako linafaa. Sikuombi mji."

"Komadre, kama una neno, niambie."

"Sina neno. Nilipokuwa nalo nililisema, na mnajua mlivyonifanya."

Tulijua. Miaka mingi nyuma, Hermelinda alisimama palepale chini ya ukuta akapiga kelele kwamba Mama wa Juu anaamka, kwamba kuku wake wamekataa kulala ndani, kwamba tushuke. Tukashuka. Wakaja wanajeshi na malori, tukalala kwenye sakafu za shule, tukala wali wa watu tusiowajua. Na Mama wa Juu akanyamaza kimya kama bikira. Tuliporudi, wezi walikuwa wamechukua kuku, milango, hata masufuria ya kuchemshia mahindi ya mote. Mahindi yalikuwa yameoza shambani. Watu wakamtemea Hermelinda mate njiani. Mimi sikutema. Lakini nilipita upande wa pili wa barabara, na yeye aliniona nikipita.

Tangu hapo alikimeza kila alichokijua. Mdomo aliufunga. Mikono, nadhani, haikuweza kufungwa. Aliinamia mbegu zake mwaka ule, akanyoosha mkono kwenye kikopo cha nyanya-mti, na mkono ukakataa.

Alinijazia beseni. Saladi, dhania, mchicha, na figili, figili nyingi kuliko nilizotaka. Kisha akashika nyongeza. Ilikuwa konzi ya dhania. Akaiweka juu, akaishikilia kidogo, vidole vyake na vyangu vikakutana ndani ya majani.

Nikangoja aniambie nirudi nimwambie kama imeshika.

"Kula mapema," akasema.

*

Nilipanda kurudi Loma Alta na bustani nzima mgongoni, na kila jani lilinigusa shingo. Mzigo wa majani ni mwepesi. Ule haukuwa mwepesi. Njia ilikuwa ile ile, mawe yale yale, msalaba ule ule kwenye kona. Mbwa tu ndio walikuwa tofauti: hawakubweka. Walinitazama wakiwa wamekaa katikati ya njia, nyuso zote zimeelekea bondeni.

Baba yako alikuwa anakamua. Unamjua Olmedo, unamjua alivyo: anaanza kucheka kabla hujamaliza kueleza. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama mlangoni mwa zizi, na maziwa yakawa yanagonga ndoo, chwii, chwii, kama saa.

"Yaani tuhame kwa sababu ya figili, mama?"

"Kwa sababu ya nyanya-mti."

"Ambayo haipo."

"Ndiyo hiyo hiyo. Ambayo haipo."

Akapaza sauti ndani ya nyumba: "Targelia! Funga virago! Mboga zimemwambia mama tuhame!"

Mama yako akatoka, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini ya tumbo, chini yako. Hakucheka. "Usimcheke mama, Olmedo. Mtoto wako ananipiga teke kila mlima ukikohoa."

"Basi atacheza mpira."

"Vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi."

"Vumbi lipo tangu nizaliwe. Mlima unapiga miayo tu. Wewe hupigi miayo?" Akampigapiga ng'ombe ubavuni, Paloma, mweupe, mpole kama shuka. "Hawa nani atawahamisha? Bondeni nyasi ni za watu. Hawa ndio paa letu, mama. Hawa ndio huyo mtoto mwenyewe, nguo zake, dawa zake. Niambie niwaache kwa sababu ya kitu ambacho mama mmoja hakuotesha. Niambie."

 Kitu kisichokuwepo hakionyeshwi kwa kidole.

Nilizunguka kwa majirani pia, nyumba kwa nyumba, kofia mkononi. Wengine waliinama wakanitazama machoni, wakaanza kukunja magodoro. Wengine waliniuliza kama saladi ninauza kwa jumla.

Basi nikafanya kama wanavyofanya wazee. Nikaugua goti. Nikasema bustani ya mwaka huu nitaipanda ng'ambo ya mto, kwenye kibanda cha marehemu dada yangu Petrona, ambako ni tambarare na goti halisemi. Nikasema siwezi kubeba beseni peke yangu. Nikasema zahanati iko karibu, na Targelia siku zake zinakaribia. Mama yako alinitazama, akaelewa, akainama kutafuta viatu vyake ambavyo hakuviona kwa ajili yako.

Olmedo akaridhia. Jioni atakuwa anashuka kulala nasi. Alfajiri atakuwa anapanda kukamua.

Alfajiri atakuwa anapanda. Niliokoa wawili nikaacha mmoja, na huyo mmoja ndiye niliyemzaa.

*

Nilipanda miche jua likiwa limelegea. Donge kwa donge, bila kuvunja, kidole gumba pande zote, maji kidogo kwa mkono. Udongo wa Petrona ulikuwa mweusi, mzito, wenye harufu ya chumba kilichofungwa. Nilizoea kuuambia kila mche: shika, kaa, usiwe na haraka. Safari ile niliinamia figili zile nikasikia ulimi wangu unasema yale yale.

Msiharakishe. Jamani, msiharakishe. Lakini kwa ajili yangu mimi. Cheleweni kidogo. Kuweni wavivu.

Hazikunisikia. Mche wa Hermelinda haujui uvivu.

Zilishika siku ile ile. Zikanyanyua majani kama masikio. Nami nikaanza kuzitazama kama mtu anavyotazama mshumaa ambao hana mwingine. Kila asubuhi nilipiga magoti, nikafukua udongo kwa ncha ya kidole, nikapima shingo. Kama uzi. Kama mrija. Kama kidole cha mtoto. Ndani ya udongo kitu chekundu kilikuwa kinajaza kifua, na juu ya udongo, ng'ambo ya mto, kitu kingine kilikuwa kinajaza kifua vilevile, nami nilikuwa katikati, bibi mmoja na goti la uongo.

Na Mama wa Juu alikuwa anavuta pumzi.

Baba yako alishuka kila jioni na ndoo ya maziwa na kichekesho. "Mama, sasa naoga maji ya moto bure," akasema siku moja. "Kijito cha nyuma ya zizi kimekuwa vuguvugu. Mlima umetuwekea hita." Siku nyingine hakusema kitu juu ya kijito, na mama yako alipouliza, akasema kimekauka. Siku nyingine maziwa yalikuwa nusu ndoo. Paloma na Mora wanasimama usiku kucha, akasema, hawataki kuweka tumbo chini.

"Ardhi inawaunguza," nikasema.

"Inzi," akasema.

Tulikula dhania kwenye supu ya viazi. Tulikula saladi. Tulikula mchicha. Ilikuwa tamu, mjukuu wangu, ilikuwa laini, na kila nilipomeza nilijua tumepunguza kitu ambacho si chakula.

Jumatatu nilikwenda sokoni. Chini ya ukuta wa kanisa, upande wa asubuhi, mwanamume alikuwa anauza ndala. Nilisimama mbele yake kama mpumbavu, beseni mgongoni.

"Amehamia Puyo kwa binti yake," Enma akaniambia kutoka kwenye jibini zake. Alikuwa hacheki. "Na matrei yake yote, na koleo, na nailoni ya kitalu. Hata vikopo vitupu hakuacha."

Nikageuka niende. Akaniita tena, sasa kwa sauti ndogo, akijifanya anafunika jibini zisipate vumbi.

"Mama Balbina. Ile figili yako... imefikia wapi?"

"Kidole gumba," nikamwambia.

Akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha akaanza kupakia jibini, na ilikuwa bado asubuhi.

*

Siku yenyewe ilianza kwa ukimya. Jogoo wa jirani aliwika mara moja, akajisikia, akaacha.

Nilikwenda bustanini kukiwa kumepambazuka nusu. Figili zote zilikuwa zimetoa mabega nje. Zote, mstari mzima, nyekundu juu ya udongo mweusi, kama watu waliofunikwa blanketi fupi. Nikashika moja nikavuta. Ilitoka bila kung'ang'ania, imejaa, ya mviringo, haina ufa. Nikaifuta kwenye sketi nikaing'ata. Ilikuwa kali. Ilikuwa tayari.

Tayari. Sijawahi kuliogopa neno kama nilivyoliogopa hilo, nimepiga magoti, mdomo umejaa.

Nikang'oa zote. Nikajaza sketi, nikaingia ndani. Olmedo alikuwa anavaa buti, mgongo umenielekea, anapiga mluzi. Mlango ulikuwa mmoja. Dirisha la Petrona ni dogo hivi kwamba hata paka anaingia kwa kuvuta tumbo. Nikalala chali kwenye kizingiti, kichwa kwenye mwimo mmoja, miguu kwenye mwimo mwingine, figili kifuani.

Kwetu mtoto hamruki mamaye. Aweza kumfokea akiwa amelewa. Aweza kuhama asiandike barua. Lakini kumnyanyulia mguu akamruka akiwa amelala chini, hapana. Anayemruka mamaye amejikatia njia ya kurudi nyumbani. Haikuandikwa popote, na sijamwona hata mwizi aliyeivunja.

"Mama! Umeanguka?"

"Nimelala."

"Mlangoni?"

"Penye upepo."

Akacheka. Kisha akaona figili. Kicheko kikamfia shingoni.

"Mama, inuka. Ng'ombe wanalia kule. Maziwa yanawauma."

"Najua."

"Nakuomba."

"Ruka."

Akasogea hatua moja. Niliona nyayo za buti zake karibu na shavu langu, tope la Loma Alta limekauka kwenye mishono.

"Ruka, Olmedo. Nyanyua mguu tu. Mimi ni mfupi, hutachafua suruali."

"Usinifanyie hivi."

"Nimeshakufanyia."

Hapo alikasirika. Alipiga ngumi mlango mpaka vumbi likamwagika kutoka darini. Mimi na Hermelinda wangu! Wachawi wawili wa mboga! Tutamuua kwa njaa, tutamzaa mtoto kwenye kibanda cha kuazima, watu watamwita mwanamume aliyefungiwa ndani na mama yake na figili. Alisema mengi. Yalipita juu yangu kama ndege. Sauti yake ilikuwa inapasuka katikati, kama zamani alipokuwa anabalehe, na nilitaka kuinuka nimshike, na nikashikilia kizingiti kwa mikono miwili.

Mama yako akatoka nyuma ya pazia. Alitutazama, yeye aliyesimama na mimi niliyelala. Akashika ukuta, akashuka polepole, goti moja, goti la pili, akalala ubavu pale chini, tumbo lake limegusa mkono wangu. Ulikuwa unacheza ndani. Nilikusikia.

"Sogea, mama," akaniambia. Kisha akamwambia mumewe, kwa upole kabisa: "Haya. Sasa uturuke watatu."

Olmedo akakaa chini. Akakaa kwenye sakafu kama gunia linavyokaa, buti zimenyooka mbele, hajui pa kuweka mikono. Nikampa figili. Aliipokea kwa hasira. Aliing'ata kwa hasira. Alikuwa bado anatafuna vikombe vya Petrona vilipoanza kusemezana kwenye rafu.

Sauti haikuja masikioni. Ilikuja mgongoni kwangu, kupitia ardhi, kama mtu mkubwa anayejigeuza chini ya kitanda. Kisha mlango ukagonga wenyewe. Kisha tukainuka wote, hakuna aliyemwinua mwenzake, tukasimama palepale kizingitini.

Mama wa Juu alikuwa amepata neno lake.

Lilishuka kijivu, zito, bila haraka kwa macho, na lilikuwa na haraka kuliko ndege waliokuwa mbele yake. Tuliona Loma Alta. Tuliona msalaba wa kwenye kona. Tuliona njia, ile njia ya mawe yale yale ambayo saa ile, kila siku, ilikuwa na miguu ya mwanangu juu yake. Kisha hatukuiona. Ilifutwa mbele ya macho yetu kutoka juu kwenda chini, taratibu na vizuri, kama mwalimu anavyofuta ubao.

Mama yako alinishika mkono mpaka mifupa ikalia.  Mdomoni mwa Olmedo bado mlikuwa na figili, sikumwona akimeza.

Kisha akatoka uani akaanza kuita. "Paloma! Mora!" Aliwaita kama wanavyoitwa jioni, kwa sauti ya kuvuta, ya kubembeleza. Paloma, ee. Mora, ee. Mchana ulikuwa unafungwa, upande kwa upande, kama duka. Aliita gizani. Aliita mpaka sauti ikawa kamba, kamba ikawa uzi. Hakuna kilichojibu isipokuwa ule mnyunyizo mkavu juu ya bati, juu ya mfereji, juu ya bustani niliyokuwa nimeing'oa tupu.

Aliporudi mlangoni sikumjua. Kilichosimama pale kilikuwa cha kijivu kote, nyusi, kope, midomo, mtu wa vumbi aliyeumbwa kwa haraka, na mitaro miwili tu ya unyevu ilikuwa imeshuka mashavuni. Nilirudi nyuma hatua. Moyo wangu ulisema: huyu ametoka huko juu, huyu si wako, wako amebaki njiani.

"Mama," kile kitu kikasema.

Nikamkalisha kwenye kigoda. Nikawasha taa. Nikaleta maji, nikainamisha kichwa chake juu ya beseni, nikamwagia kwa kikombe, na vumbi lile likaanza kushuka, vumbi jembamba, laini, lenye ladha ya msumari. Maji yakawa meusi. Nikamwaga, nikaleta mengine. Nikatia vidole. Chini ya vumbi nikakuta nywele. Chini ya nywele nikakuta ngozi, na ngozi ilikuwa na joto, na chini ya joto palikuwa na kitu kinagonga, kinagonga, kinagonga.

Kuna kina mama wa Loma Alta ambao vumbi hilo limewafikia na hawana kichwa cha kuosha chini yake. Nawajua kwa majina. Sitayataja hapa.

Mimi nilikuwa nacho. Kwa hiyo kwangu mimi, siku ile, mjukuu wangu, lilikuwa uchafu tu. Nikakiosha kichwa cha baba yako polepole, nyuma ya masikio, shingoni, mahali ambapo watoto husahau, na maji yalipokwisha kuwa safi niliendelea kuosha.